Kufuli la Chumba cha Kompyuta

Dada yangu Alinafe,

Sisi huku Dedza hatujambo, ila baridi inatutesa. Watoto wanakusalimu. Viazi vimekubali mwaka huu.

Kazini mambo si mazuri. Kompyuta za shule zimekuwa zikigoma kuwaka, moja baada ya nyingine. Nilipozifungua nikakuta zimenyofolewa vipuri vya ndani. Kila mtu alimnyooshea kidole Yankho, msaidizi wangu mpya, na mkuu wa shule akataka kumfukuza. Hata mimi nilianza kumpekua mkoba akitoka.

Juzi akaniambia kwa upole, "Madamu, nipekue tu. Lakini mimi sina ufunguo. Ufunguo unalala kwenu."

Maneno hayo yaliniingia. Ijumaa nikanunua kufuli lingine, nikalifunga mwenyewe wanafunzi walipokwisha kutoka. Sikumwambia mtu, si Yankho wala mkuu. Ufunguo wa zamani nikauacha palepale kwenye msumari jikoni.

Jumapili shemeji yako Fyson alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akanawa, akamega nsima. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Mmebadilisha kufuli kule kwenye kompyuta?"

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema."

Nikamwongezea mboga.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu yote mbele ya Yankho, na kijana wa watu nimemwomba radhi. Jumamosi nakuja kwako na watoto. Fyson akipiga simu, mwambie hujui kitu.

Mdogo wako,
Tiyamike