Nyota Moja ya Igurwa

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Nimetia mafuta magurudumu ya kiti, nimekula ndizi na maharage, nimefungua kwenye simu, kama kila siku, ramani ya visanduku, ule mchezo wa kutafuta vikopo ambavyo watu wamevificha. Vyote vya nyota tatu, nne. Vilima na mawe. Lakini leo kimetokea kipya, Igurwa, jirani na kanisa. Nyota moja! Kanuni za mchezo zinasema nyota moja ni njia ambayo mwenye kiti cha magurudumu anafika mwenyewe, bila msaada. Kakificha Deo, mtoto wa mama mdogo. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Mama hataki niende. Eti tope, eti watu watasema nini. Nimemjibu vibaya. Tangu ajali ya pikipiki sijafika popote kwa mikono yangu. Nabebwa. Kanisani, harusini, msalani. Nataka hiki kimoja tu.

Jumamosi, 8 Machi
Bajaji ilinishusha barabarani. Nikasukuma. Shamba la kahawa, mtaro, halafu mlima. Gurudumu likazama. Viganja vikachubuka.
Wanaume wanne wakaacha majembe. Pole nyingi. Wakaniinua na kiti changu mabegani, kama wabebavyo mgonjwa kwenye engozi, ile machela ya kijiji. Hakuna aliyeniuliza. Bibi mmoja akaanza kulia, akidhani napelekwa zahanati. Ningemwambiaje kwamba natafuta kopo la mchezo?
Kopo tukalipata, nikaandika jina kwenye karatasi iliyomo, kama mchezo unavyotaka. Wakashangilia. Nilikuwa na hasira ya kulia, nikasema asante. Walistahili.

Jumapili, 9 Machi
Deo alipita baada ya misa. Nikamuuliza kwa nini nyota moja. Akashangaa kweli.
“Dada, hapa nani atakuacha chini? Watu si wapo?”
Hakudanganya. Ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa wa jirani hubebwa na kijiji kizima. Nikamwambia mimi si mgonjwa. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Kaondoka bila kunywa chai.

Jumanne, 11 Machi
Deo amebadilisha. Nyota nne. Ameniandikia samahani, fupi.
Ni haki. Nilitaka hivyo.
Nimeangalia ramani. Kuanzia Kanoni hadi Murongo, hakuna tena hata kimoja cha nyota moja. Nimezima simu. Mama ameuliza kama nitakula. Nimesema baadaye.