Kisu Chenye Ala ya Vifungo Vitatu

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje, na shemeji bado anakoroma? Sisi huku wazima, ila goti la shangazi tu.

Unakumbuka nilivyokueleza kuhusu kibaka aliyeninyang'anya mkoba uchochoroni nikitoka kushona. Tangu siku hiyo kila jioni nilipita pale nikikimbia, hata nikaamua mwisho wa mwezi niache kazi. Ndipo nikafuata ushauri wako, nitafute kisu kidogo cha kujihami.

Kosa langu ni kwenda dukani na shangazi. Muuzaji alinipa kisu cha kukunja. Nilikivuta kwa kucha, kucha ikakatika, kisu hakijafunguka. Shangazi akauliza, "Hiki kinamenya viazi?" Akatoa kitunguu mkobani, akajaribu visu vyote mpaka muuzaji akatokwa machozi, akachagua kifupi chenye mpini mwekundu. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini fundi ni fundi, dada. Sikuweza kubeba kisu kikiwa uchi. Nilikishonea ala ya jinzi, yenye bitana, vifungo vitatu na kamba ya kukaza. Ilipendeza mno.

Juzi jioni nikasikia hatua nyuma yangu. "Dada! Dada!" Nikatia mkono mkobani. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu kikagoma. Nikapiga kelele, "Subiri hapo hapo, bado nafungua!" Naye akasubiri! Kumbe ni fundi viatu, jirani yetu wa kazini, ananiletea futi yangu ya kupimia nguo niliyoiangusha mlangoni. Akanisaidia hata kufungua kamba, ndipo akauliza ndani mna nini.

Asubuhi yake nikawasimulia wenzangu kazini ili wacheke. Wakaacha kazi, wakafuata mikoba yao. Mkata vitambaa akatoa kisu mkobani mwake. Mtia vifungo akatoa chake. Bosi wetu, yule mama mkali, akatoa kimkasi cha kucha. Nililia, dada. Wanawake wanne tulikuwa tukipita uchochoro uleule, kila mmoja peke yake na hofu yake, tukipishana kwa dakika kumi tu.

Sasa tunatoka pamoja, kwa kelele za kutosha. Kazi siachi. Kisu anacho shangazi, jikoni.

Msalimie shemeji, na wabusu wanangu wote wawili, Kifagio na yule mdogo. Mungu awalinde mkitoka na mkirudi.

Jambo moja limekuwa likinisumbua tangu asubuhi ile. Wewe uliyenishauri nibebe kisu, ukitoka kazini unatembea na nani? Nijibu hilo kwanza, kabla ya salamu.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kidoti