Kituo Kimoja Kabla ya Kwako

Utemini,
Singida.
12 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Asnath,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu sijui kama ukifika mwisho wa barua hii utakuwa bado na shikamoo ya kunipa.

Hamjambo huko Ujerumani? Holger hajambo, na mgongo wake umepona? Nasikia Eliana sasa amekupita kwa urefu, na bado anapiga filimbi kanisani. Mwambie babu yake wa Singida amefurahi, ingawa hajawahi kumsikia.

Sisi huku tupo. Mvua ziliondoka mapema, alizeti zimetoa vichwa vidogo, na upepo wa Juni umeanza kutujazia vumbi hata ndani ya sufuria. Mdogo wako Enock amepaua upya nyumba ya baba yenu kule Mwankoko. Kuku wa mama yako mdogo Damari walipigwa na mdondo wakabaki wanne, na hao wanne hataki hata mgeni awatazame.

Mimi hali yangu si nzuri. Daktari amesema moyo umechoka. Miguu imevimba, viatu nimeviacha, na usingizi naupata nikiwa nimekaa. Naandika mistari michache, napumzika. Barua hii ina siku nne mezani. Damari anadhani nakuandikia salamu tu. Jana aliniuliza, "Mzee, ni salamu gani hizo za kutoa jasho?"

Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo wewe unalijua nusu. Nusu nyingine ninayo mimi peke yangu, na nikiondoka nayo hakuna atakayekuambia.

Unalikumbuka neno la baba yako. Ulipofunga ndoa huko bila wazee kukaa kikao, kaka yangu Manase alisimama mbele yetu akasema kwamba siku akifa, Asnath asije kumzika. Ulipelekewa neno hilo, ukalibeba. Ambacho hukukijua ni kwamba alilirudisha.

Alilirudisha mwaka 2016, usharika uliponichagua kwenda Ujerumani na wenzangu watano kwa wiki tatu. Siku mbili kabla ya safari alikuja hapa kwangu na baiskeli. Hakutaka chai. Aliomba kikombe cha maji, akajaza mdomo, akayapuliza kwenye viganja vyangu viwili. Unajua kwetu neno kama lile halirudishwi kwa simu. Linarudishwa na aliyelisema, au na mtu aliyemtuma, na aliyetumwa lazima afanye vile vile mbele ya mwenyewe: maji mdomoni, ampulizie, kisha aseme. Manase aliniambia hivi: "Mwambie nimelimeza lile neno. Nikifa aje, na mkono wake utangulie kuweka udongo." Halafu akaniangalia, akacheka. "Wewe mwalimu, ukifika usianze kumhutubia mtoto. Puliza maji, sema neno langu, kaa ule."

Nilikubali. Wakati ule nilidhani ni kazi ndogo.

Wiki ya tatu tuliachiwa Jumamosi nzima. Nilikupigia kwa simu niliyoazimwa na mwenyeji wangu, tukakubaliana nije kwako kwa chakula cha mchana. Mwenyeji alinikatia tiketi ya treni na kuniandikia vituo kwenye karatasi. Vilikuwa tisa, na cha tisa ndicho chako.

Ndani ya treni nilikuwa na chupa ya maji mkononi. Kwa wiki tatu nilikuwa nimesimama makanisani mwao nikiulizwa, kwa upole, kama watu wa kwetu bado wanashika mambo ya kale, na kila mara nilijibu kwa Kiingereza kizuri kwamba tumeyaacha. Sasa nikajiona sebuleni kwako. Nikamwona Holger, injinia, amekaa kwenye kochi lake, na mimi mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, mashavu yamejaa maji, nampulizia mke wake usoni mbele ya mtoto. Nilijaribu kutafuta jinsi ya kumweleza kwanza. Kila maelezo niliyotunga yalikuwa yanaomba radhi kwa ajili ya kaka yangu.

Kituo cha nane kilikuwa na bango lenye picha ya farasi wa mbao. Wazazi na watoto wao walisimama kushuka, nami nikasimama. Nilijiambia nitatulia saa moja tu, kisha nipande treni inayofuata. Treni zilikuwa zinapita kila saa.

Kilikuwa kiwanja kidogo cha burudani ndani ya msitu wa misonobari, vile viwanja vya bembea na vigari vya kupanda na watoto. Binti wa getini aliniuliza ni watu wangapi. Nikamwambia mmoja. Alichungulia nyuma yangu, nadhani alitafuta wajukuu, kisha akanipa kipande cha karatasi.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote yaliyokuwamo mle, nami nataka uyajue, kwa maana ndiyo niliyoyachagua badala yako. Palikuwa na bwawa lenye mashua tatu, zote zimefungwa mnyororo. Palikuwa na simba wa plastiki aliyebambuka rangi. Ilitakiwa ukibonyeza kitufe aungurume; nilibonyeza, hakuunguruma. Palikuwa na zizi la mbuzi. Asnath, nilisafiri bara zima nikaenda kusimama mbele ya mbuzi. Walikuwa wanene, miguu mifupi, na hawakunijali.

Palikuwa na kigari cha reli kinachopanda kilima kidogo na kushuka kwa kasi. Mzee mmoja wa ovaroli ndiye aliyekiendesha. Aliniuliza kwa vidole: peke yako? Nikaitikia. Akanieleza, kwa mikono na Kiingereza kidogo, kwamba mtu mmoja ni mwepesi, kigari hakifiki juu, wanahitajika wanne. Akaninyooshea kidole nikae kwenye benchi nisubiri wengine. Nikakaa. Tulisubiri sote wawili, yeye upande wake wa kamba, mimi upande wangu. Wenye watoto walipita, wakatutazama, wakaendelea. Mvua ikaanza. Akafunika kigari kwa turubai, akaniambia, "Labda mwakani."

Nilipanda farasi wanaozunguka. Farasi wenyewe walikuwa wadogo, nikaketi kwenye kiti chenye umbo la bata mzinga. Kinanda kilikuwa kinapiga wimbo ule ule. Niliisikia treni ya saa tano ikipita, na ya saa sita.

Saa saba ulinipigia. Hilo unalikumbuka. Ulisema, "Baba mdogo, uko wapi? Mlenda unapoa, na wajua ukipoa unakuwa gundi." Nilikuambia ratiba imebadilishwa, wenyeji wametuchukua sehemu nyingine, sitaweza kufika. Ukauliza mbona unasikia muziki. Nikasema ni kwaya, wanafanya mazoezi. "Kwaya gani hiyo ya kengele?" ukasema. "Hao Wazungu wenu wamechangamka kuliko wa kwangu." Ukacheka, ukaniambia nisile vitu vya baridi. Nilikuwa nimesimama chini ya mwavuli wa kuuzia viazi vya kukaanga, nimeshika uma wa mti, na bado ilikuwa mchana. Treni ya saa nane ingenifikisha kwako kwa dakika kumi na mbili. Niliisikia hiyo pia.

Ningependa kukuandikia kwamba nilijuta pale pale. Sikujuta. Nilichoka tu, viatu vilikuwa vimelowa, na niliona nimeponea aibu. Maji ya ile chupa niliyanywa wakati wa kurudi.

Laiti ingekuwa imeishia hapo, ningekuwa mzee mwoga na si zaidi. Lakini siku tuliporudi Singida, baba yako alikuwa kwangu ananisubiri, na Elisha, mwenzangu wa msafara, alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha pili. Nilikuwa nimepanga kumwambia Manase kama nilivyokuambia wewe, kwamba ratiba ilibadilika. Elisha alijua tulipewa siku nzima. Alikwisha kusema kabla sijakaa: "Mwenzetu huyu alikwenda kumwona mtoto wenu, sisi tukabaki kufua."

Manase akaniuliza, "Ulifika?"

Nikasema nilifika.

"Ukampulizia?"

Nikasema mlango haukufunguliwa.

Aliuliza kama labda hukuwepo nyumbani. Hapo alinipa njia ya kutoka, mwanangu, nami sikuitumia, kwa sababu angeuliza kwa nini sikusubiri. Nikasema ulikuwepo. Nikasema niliona pazia linacheza. Sijui pazia lile nililitoa wapi. Nyumba yako sijawahi kuiona hadi leo.

Alisema neno moja, "Basi." Akachukua baiskeli yake.

Ndiyo maana Krismasi ile ulipopiga simu hakuipokea, akampa Enock. Ndiyo maana hakuipokea tena. Wewe ulidhani ni ile hasira ya zamani. Hasira ya zamani ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa mpya, nami ndiye niliyeitengeneza, na kila nilipokwenda Mwankoko niliikuta imekaa naye. Hakukusema vibaya hata siku moja. Aliacha tu kukutaja. Niliishi hivyo miaka mitatu, na kila mwaka niliona umekuwa mwaka mbaya wa kusema.

Nimebaki na moja, na hili ndilo linaloninyima pumzi kuliko moyo.

Manase alipofariki mwaka 2019, ulinipigia alfajiri ile. Hukulia. Uliniuliza neno moja: "Nije?" Ulikuwa umekwisha kutazama ndege; uliniambia ungefika siku ya pili, na sisi tulikuwa tunazika siku ya tatu. Ningesema njoo. Ilikuwa herufi nne. Lakini ungekuja, wangekuuliza kwa nini ulimfungia mlango mjumbe wa baba yako, nawe ungesema hakuna mjumbe aliyekuja. Nilikujibu, "Neno la baba yako unalijua, mwanangu. Uamue mwenyewe." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara. Ukasema, "Basi nitamheshimu."

Makaburini waliitwa watoto kwa kufuatana. Likaitwa jina lako, wewe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyesogea. Enock alinitazama mimi, ili niweke udongo kwa niaba yako. Nikauweka. Mkono huu unaokuandikia ndio uliofanya hivyo.

Mwezi uliopita nilimwita Mzee Calist, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, nikamweleza bila kutaja majina. Nilimwuliza kama ujumbe wa namna ile unaweza kupelekwa baada ya aliyetuma kufa. Akasema hapana, aliyebeba alikuwa mkono tu, na mwenye mkono amekwenda. Nikamwuliza je, kwa barua? Akacheka, akasema, "Wewe Chediel, shule imekuharibu. Barua ina mate?" Alidhani nafanya utani.

Kwa hiyo haya ninayokuletea hayana nguvu ya kurudisha kitu. Unajua tu sasa kwamba baba yako alikutaka kaburini kwake, na kwamba ulikaa mbali kwa kulitii neno ambalo lilikuwa limekwisha kumezwa. Ningeweza kukuficha hadi mwisho ukabaki na huzuni yako ya zamani, ambayo umeizoea. Nimejiuliza mara nyingi kama hii mpya nakuletea kwa faida yako au kwa faida yangu. Sina jibu safi.

Sikuombi unisamehe. Mtu wa hali yangu akiomba msamaha anamlazimisha mwenzake, na wewe nimekulazimisha vya kutosha. Nakala ya barua hii nimeifunga kwa ajili ya Enock, aisome mbele ya ukoo nikishazikwa, ili jina lako lisafishwe. Unaona, hata hilo nimelisogeza mbele. Nilijaribu kumwambia uso kwa uso Jumapili. Alinishika mkono kunipeleka chooni, nikanyamaza.

Kitu kimoja kinachohusu siku zijazo. Kaburi la baba yako halijajengewa. Lina tuta la udongo na msalaba wa mti, mbuzi wa jirani huwa wanapita juu yake. Enock amekwisha kuagiza saruji na vigae. Fundi anaanza Agosti. Ukija baada ya hapo utakuta vigae. Sikuambii kwamba ukija kabla utakuwa umemzika. Mzee Calist amesema siku ya kuzika ni moja, na ile ilipita. Nakuambia tu kwamba kwa sasa udongo uko wazi.

Nisalimie Holger. Nilimwogopa bure, mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Msalimie Eliana. Mama yako mdogo Damari anakusalimu na anasema kuku wakizaliana atakutunzia jogoo. Enock na watoto wake wanakusalimu, pia shangazi yako Evodia, ambaye bado anakuulizia.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, wala asikuhesabie kitu kilicho changu.

Ni mimi baba yako mdogo, niliyekupenda lakini sikufika kwako,

Chediel