Kivuli Nyuma ya Barua ya Posa

Jumanne. Upepo wa Julai umeamka kabla yangu, na umenikuta sina neno zuri kwa mtu yeyote.

Asubuhi hii nimezima na kuwasha laptop mara nne nikidhani ni macho yangu. Si macho. Kioo kimeganda. Kila ninachoandika, nyuma yake yanasimama maneno makubwa ya kijivu: SISI SI WACHAWI.

Ni kichwa cha makala yangu mwenyewe.

Makala hiyo inamhusu Deus. Tulilala bweni moja shuleni, leo anaishi Dar es Salaam. Mwanawe anataka kuoa binti wa kijiji cha Ilemba, na Deus aliniomba niwe mshenga. Nilikubali kwa furaha. Siku mbili baadaye akaandika kwenye kundi letu la simu la tuliosoma pamoja, watu wa kila mkoa, kwamba wageni wa harusi wasihangaike na nauli, Sumbawanga watapelekwa kwa ungo, kama wasafirivyo wachawi. Watu wakacheka mpaka wakachoka. Na aliyewachekesha ni Mfipa mwenzangu wa hukuhuku Sumbawanga, mtoto wa wakulima wa ulezi kama mimi.

Siku ileile niliandika kurasa kumi na moja. Sikuzichapisha kwenye blogu hii, sikuzifuta. Niliziacha wazi kwenye kioo mchana na usiku, nikawa napita kila mara kurekebisha nukta au kuongeza tusi la heshima.

Wiki tatu.

Barua ya posa inatakiwa Ilemba Jumapili. Leo nimeandika, "Kwa unyenyekevu tunaomba kuwa ndugu zenu," na katikati ya unyenyekevu huo kikajitokeza kile kichwa cha kijivu. Hata mtu asiyetushuku, akisoma barua ya namna hiyo, ataanza.

Nikaogopa kwamba kitatoka hata kwenye karatasi. Nilibeba flashi hadi stesheneri ya hapa mtaani Mazwi, nikamweleza binti wa pale kwa kirefu kwamba laptop yangu ina kivuli, aangalie kisije kikatokea kwenye barua. Alinisikiliza kwa adabu, akachapa, kisha akafunua mashine ya kutolea nakala kivuli.

"Vivuli vingapi, baba?"

Barua ilikuwa safi. Kile kivuli nakiona mimi tu, kila ninapokaa kuandika. Lakini mimi naishi kwa kuandika, kwa hiyo nikaenda kwa fundi Salumu, pale jirani na soko.

Njia nzima nilikuwa naandaa hotuba kuhusu mafundi wasiojua kutengeneza, wanajua kubadilisha tu. Hotuba nzuri, imeoza mfukoni. Salumu alikuwa na kioo cha saizi yangu, kilichotolewa kwenye laptop iliyokufa, na angeweza kukifunga kabla ya adhuhuri. Nikamwambia afunge. Hakugusa bisibisi. Akaniuliza ule ukurasa umekaa wazi muda gani. Nikamwambia.

"Mwalimu, hiki kioo hakijafa," akasema. "Umekikalisha mno na neno moja. Nikikuwekea kingine ukakitumia hivihivi, nacho kitaganda."

Akaniagiza niizime siku mbili, kisha niiachie picha zinazobadilikabadilika. Kivuli kikigoma kutoka, nirudi.

Nikaibeba laptop kama mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani. Mimi.

Nimerudi nyumbani nimekasirika zaidi, maana kufundishwa na mtu mwenye haki kunauma. Lakini asije mtu akasema hasira yangu ilikuwa ya bure. Utani una watani wake, na una mipaka. Shangazi yangu Paulina alihamishwa kwenye nyumba yake kwa tuhuma za huohuo ungo. Hakuwahi kurudi. Deus anamfahamu. Likizo moja alikula ugali wa ulezi jikoni kwake, akafungiwa na mwingine wa njiani.

Kosa langu ni lingine. Kwa wiki tatu nimekiambia kioo. Deus sijamwambia.

Nikampigia.

"Kaka, ule ulikuwa utani tu," akasema.

"Shangazi Paulina angecheka?"

Akasema, polepole, kwamba ya shangazi hakuyakumbuka. Akataka kuyafuta yale maneno kundini. Nikamkataza. Waliocheka wameshacheka. Ayaache yalipo, na chini yake aandike kwa mkono wake kilichompata shangazi. Hakukubali, hakukataa. Alisema ataona.

Naandika haya kwa simu, kwa kidole kimoja, vidole vingine vimekufa ganzi kwa baridi. Laptop imelala mezani, imezimwa. Kioo sibadilishi.

Nilifikiria kuizuia barua mpaka Deus aandike. Nimeliacha wazo hilo. Kijana hana kosa, na binti wa Ilemba hana kosa. Jumapili nitapanda gari la asubuhi, nitaipeleka barua kwa mikono miwili, na nitasema maneno yote matamu ambayo mshenga hupaswa kusema.

Nikirudi nitaiwasha laptop. Deus huisoma blogu hii, na asome. Kama atakuwa ameandika, zile kurasa kumi na moja nitazifuta mwenyewe. Kama hajaandika, nazichapisha jioni hiyohiyo, kivuli kiwepo, kisiwepo.