Mama, Mjibu Skola

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna posta, na hata ulipokuwa nasi hukujua kusoma. Barua za Baba kutoka kwenye mashamba ya mkonge kule Kilosa nilikusomea mimi, nawe ulinikatiza kila baada ya mstari ukisema, "Rudia hapo." Kwa hiyo hii nitaisoma kwa sauti nikishamaliza kuiandika. Ukitaka nirudie, nitarudia.

Nakuandikia kwa ajili ya Skola, mwanao wa pili. Anakuita kila jioni, na mimi sijui la kufanya.

Ngoja nianze mbali kidogo. Nimefundisha miaka mingi, siwezi kueleza jambo bila kulitengenezea njia. Wajukuu zangu wamekulia hapa Ifakara mjini, na wakinisikia nikitaja dungu wanadhani ni mdudu. Nawaeleza kwamba dungu ni kibanda kinachosimama juu ya nguzo ndefu, sakafu yake fito, paa lake nyasi, nacho hujengwa katikati ya shamba la mpunga kule bondeni kwa sababu masika mto hufurika na shamba lote huwa maji. Chini wanapita viboko, juu wanakaa watu. Wakaniuliza, "Na choo je, Babu?" Nikawaambia swali hilo wakamuulize bibi yao Skola, maana yeye ndiye hakuwa na aibu.

Tulikuwa tunahama nyumba nzima, unakumbuka? Wewe unasimama nyuma ya mtumbwi ukiusukuma kwa upondo, Skola anakaa mbele amekumbatia kuku, mimi katikati nashikilia chungu kisivunjike. Mbele yetu maji na mpunga, nyuma milima ya Udzungwa ikizidi kuwa ya bluu kadiri tulivyoiacha. Miaka ile ya hamsini Baba alikuwa akienda kwenye mkonge na kurudi, akienda na kurudi, kwa hiyo dunguni tulikuwa watatu tu.

Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulifinyanga vidonge vya udongo, tukavichomeka kwenye ncha ya fito, tukavirusha kundi likitua. Skola alirusha vibaya sana. Siku moja alimpiga kuku wetu wenyewe, akageuka akakwambia, "Mama, ndege mmoja mkubwa nimempata." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Jioni tukamla huyo ndege mkubwa pamoja na pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, na hadi leo sijala chakula kilichomzidi.

Jumapili kanisa lilikuwa mbali, basi uliongoza rozari hapo hapo dunguni. Ulisema nusu ya kwanza ya sala kwa sauti kubwa, na dungu la jirani, kwa Baba Kanuti, wakaitikia nusu ya pili kutoka ng'ambo ya mfereji. Upepo ukiwa mbaya walichelewa. Baba Kanuti alikuwa akipaza sauti, "Mama Beno, mwambie Mungu atusubiri, sisi tuko mbali!"

Na jioni ulikuwapo ule mwito. Hili nalo nawaeleza wajukuu taratibu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kabla giza halijaingia, kila dungu liliita dungu la pili. "Mpooo?" Nalo likajibu, "Tupooo!" Likaita la tatu, na hivyo hivyo mpaka bonde zima likajua kwamba hakuna aliyeliwa, aliyezama wala aliyezidiwa na homa. Dungu lisipojibu, aliyeita alichukua mtumbwi akavuka kwenda kutazama, hata kama mfereji umejaa viboko. Hakungoja asubuhi.

Kwetu aliyejibu alikuwa Skola. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilifika mbali. Jioni moja ulikuwa umelala na homa kando ya jiko, Baba Kanuti akaita, "Wa kwa Mama Beno, mpooo?" Skola akajiziba mdomo kwa viganja.

"Jibu wewe!" nikamwambia.

"Ngoja kwanza. Nataka nione kama kweli wanakuja."

Nikajaribu mimi. Sauti yangu ilikuwa inavunjika wakati ule, ikatoka kama ya mbuzi, ikaishia kwenye mpunga. Baba Kanuti akaita tena, na tena. Kisha tukasikia upondo ukigonga ubao wa mtumbwi, na viboko waliokuwa wakikoroma tangu alasiri wakanyamaza, jambo ambalo ni baya kuliko wakikoroma. Alipopanda ngazi alikuwa amelowa mpaka kifuani, mkuki mkononi.

"Nani kaliwa?"

"Hakuna, Baba Kanuti. Shikamoo," alisema Skola, akilamba vidole.

"Marahaba. Kumbe kiboko mwenyewe ndiye wewe! Tena kiboko gani huyu, meno ya mbele hana?"

Wewe uliamka ukitetemeka. Nilidhani utamchapa. Ulichukua kitoga mkubwa, samaki tuliyekuwa tumemkausha kwa ajili ya Baba, ukampa Baba Kanuti, ukamgeukia Skola. "Huku bondeni ukiita usijibiwe, unavuka. Kwa hiyo ukiitwa jibu, watu wasivuke bure." Basi. Alilia kuliko mtoto aliyechapwa, na tangu siku hiyo hakukosa jioni hata moja.

Halafu mke wa Baba Kanuti akajifungua, ukaenda kumuuguza ng'ambo ukatuacha sisi wawili. Jioni Skola alisimama ukingoni mwa dungu, mkono mmoja kwenye nguzo. "Mama! Upooo?" Nawe ulijibu, "Nipooo! Kuleni, mlale!" Hapo ndipo alipokubali kula. Jioni moja upepo uliipinga sauti yako, jibu halikufika. Alishuka ngazi akaanza kufungua mafundo ya kamba ya mtumbwi. Mtoto mdogo vile, Mama, hata upondo hauwezi! Nilimshika gauni, akanipiga, akanikwaruza, nikamshika tu mpaka upepo ulipotulia tukakusikia.

Sasa Skola ni bibi kizee, anakaa kwangu. Mumewe alitangulia, watoto wake wako mbali. Akili yake imeanza kurudi nyuma, kwanza polepole, siku hizi kwa haraka. Daktari ameniambia ni uzee na kwamba hakuna dawa, akaniambia kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa. Mwanangu Agata anamwogesha na kumlisha. Mimi nakaa naye tu.

Jua likishuka, anainuka kitandani, anashika mbao za dirisha kama zile nguzo, anaita. "Mama! Upooo?" Kisha anatega sikio, na uso wake unakuwa wa yule mtoto asiye na meno.

Nimejaribu, Mama. Nilikwenda nyuma ya jiko nikajibu, "Nipooo!" Akasema, "Huyo ni kaka. Sauti yake haifiki. Nimemwita Mama." Nikamwomba Agata ajibu yeye. Skola akamcheka. "Mama yangu hana sauti ya kizungu." Tukampakia kwenye bajaji tukampeleka mpaka mtoni, nikidhani akiona bonde atatulia. Ilikuwa kiangazi. Mashamba ni ya watu wengine, madungu siku hizi hakuna, na magari yanapita juu ya daraja bila kuuliza. Alitazama muda mrefu, akanishika mkono. "Beno, nani kaiba maji?" Nikampandisha tena kwenye bajaji.

Siku hizi hali chakula mpaka ujibu. Agata anakaa na kijiko, uji unapoa. Na juzi, alipokwisha kuita na kutega sikio, alianza kuvuta nyuzi za chandarua, anafungua mafundo yasiyokuwapo, mikono yake ikienda haraka. Agata aliuliza anafanya nini. Mimi sikuhitaji kuuliza.

Nikamshika gauni, Mama. Nilikaa nimelishika mpaka akasinzia. Lakini mimi ni mzee, vidole vyangu vinalegea nikisinzia na mimi.

Ulitufundisha wewe mwenyewe. Skola anaita, hajibiwi, na anaijua kanuni kuliko sisi sote. Sikuombi uje. Nakuomba umpazie sauti jioni hii tu, na kesho nitaomba tena, umwambie upo, ale, alale. Mjibu, asivuke.

Mwanao wa kwanza,
kaka yake Skola.