Gitaa la Karatasi la Yongfeng

Baba mpendwa,

Huku Shenzhen mvua haikomi, lakini mgongo wangu umepona na kazi ya zege inaendelea.

Jumapili mashabiki wa muziki wa roki walijaa uwanjani kumkumbuka marehemu Yongfeng wetu. Walimchomea gitaa la karatasi kubwa kama mlango, ili moshi umfikishie huko kwa wafu. Tie, fundi mwenzangu, akapiga kelele: "Nyie! Hilo ni gitaa la umeme. Huko aliko atalichomeka wapi?" Watu wakacheka huku wanalia, wakakaa chini wakakunja jenereta ya karatasi, nayo tukaichoma. Halafu wote wakaimba nyimbo zake kwa kikwetu, hata wasiokijua.

Tie akaniuliza, "Kaka Yonglin, macho hayo ni moshi au machozi?"

"Yule ni mdogo wangu," nikamjibu kwa sauti. "Tumetoka tumbo moja."

Baba, ulimfukuza ukisema mpiga kelele hatakaa kwenye meza ya picha za wazee wetu waliofariki. Nimeambatanisha picha yake. Tafadhali iweke karibu na ya mama. Ukikataa, iache humu kwenye bahasha. Mwaka mpya nitakuja kuiweka mwenyewe, na ukitaka unifukuze na mimi.

Mwanao mkubwa, anayekuheshimu,
Yonglin