Suruali ya Saidi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Kinyinya. Bibi yako bado anakohoa, ila anakula. Tumefurahi kwamba walimu wa chuo chenu cha tiba ya viungo wamepewa tuzo, na kwamba mtakuja hapa mtaani kuwapima watu miguu ya bandia.

Umeniuliza kwa nini huwa sikati suruali ya mtu asiye na mguu. Nilipokuwa fundi kijana, jirani yangu Saidi, aliyekatwa mguu mmoja, aliniletea yake nipunguze kiuno tu. Nikamwonea huruma, nikakata na upande usio na mguu, nikaushona ukafungika. Aliishika muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, mguu nilikuwa naungoja."

Alikufa akiungoja. Kipande nilichokata bado kimo kwenye droo ya cherehani.

Babu yako,
Hamisi